Maswali ya Wasomaji: Kazi za Makumbusho, Kuanzia Stoo Hadi Mlangoni

*Nina shahada ya historia. Nikisema nataka kazi makumbusho, ndugu zangu wananicheka eti nitakuwa natembeza wazungu. Kuna kazi gani nyingine kule? – Mhitimu, Dodoma*

Kutembeza wageni ni kazi ngumu kuliko ndugu zako wanavyodhani, lakini tuiache kwanza. Nyuma ya ukumbi yuko msajili anayeingiza vitu daftarini, mhifadhi mikusanyo anayevichunguza na kushauri kipi kipokelewe, fundi uhifadhi anayevitibu, mbunifu wa maonyesho na seremala wake, na afisa elimu anayepanga vipindi vya shule. Makumbusho ya Taifa pale Nairobi yana pia wataalamu wa ndege, wadudu na mimea ambao mgeni wa kawaida hawaoni kabisa. Kwenye makumbusho madogo, mtu mmoja hushika kazi tatu.

Shahada yako inafaa kwenye elimu, usajili na utafiti. Uhifadhi unataka kemia. Kwa Tanzania, nafasi za kudumu hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwa hiyo usizunguke milangoni na bahasha. Mafunzo kwa vitendo unaweza kuyaomba makumbusho yenyewe, na ukiulizwa unataka idara gani, sema stoo. Vitu vingi viko huko, wala si ukumbini.

*Shule yetu imeanzisha chumba cha makumbusho. Wazee wametupa vitu kama 60, tukaviandika namba kwa kalamu ya wino. Tumeambiwa tumekosea. Kosa liko wapi? – Mwalimu, Songea*

Namba ni sawa, kalamu ndiyo kosa. Kalamu ya wino huchora mfereji kwenye mbao na udongo, na wino wake husambaa ukipata unyevu. Karatasi za kubandika ni mbaya vilevile: gundi hugeuka njano, karatasi hudondoka, na hapo mna vyungu vitano visivyojulikana kipi ni cha nani.

Anzeni na hati ya makabidhiano: nani katoa, lini, kitu kilitumikaje, na je, ni zawadi au mkopo? Swali la mwisho ndilo huleta ugomvi mzee akishafariki na wanawe wakaja kudai. Kisha toeni namba yenye sehemu tatu. Kwa mfano 2025.4.12 ni kitu cha 12 katika fungu la 4 lililopokelewa mwaka 2025. Kinu na mchi wake ni 2025.4.12a na 2025.4.12b. Kitu kikipotea au kuvunjika, namba yake haipewi kingine.

Kwenye udongo, mawe na mbao ngumu, chagueni sehemu isiyoonekana, sentimita 1 kwa 3. Pakeni resini ya Paraloid B-72 (aina ya vanishi isiyo na rangi) iliyoyeyushwa kwenye asetoni, kama ile ya kufutia rangi ya kucha, gramu 20 kwa mililita 100, dirisha likiwa wazi. Ikikauka andikeni kwa wino mweusi wa kuchorea, na wino ukikauka pakeni tabaka la pili. Faida yake ni kwamba namba yote inafutika kwa asetoni bila kugusa kitu chenyewe. Msiitumie kwenye plastiki, itayeyuka. Nguo hushonewa utepe wa pamba wenye namba, sindano ikipita kati ya nyuzi. Shanga na mikeka hufungiwa kibandiko kwa uzi wa pamba. Pini na stepla zina kutu, ziacheni.

Kama kuna kanga, nakilini jina lake lote daftarini sasa hivi, kwani rangi itafifia. Taa juu yake isizidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), na baada ya miezi michache ipumzishwe gizani.

Namba mlizokwisha kuandika msizisugue. Daftari liwe la kujalidiwa, na nakala yake ikae jengo jingine.

*Kigoda cha mbao na vikapu vinatoa unga mweupe chini. Tupulize dawa ya wadudu? – Mhudumu wa stoo, Bukoba*

Hapana. Dawa huacha madoa, na mara nyingi haimfikii bungua aliye ndani ya mbao. Kitieni kila kitu kwenye mfuko wa nailoni usiku huohuo, kiondoke stoo. Toeni hewa, zibeni kwa selotepu, kisha wekeni kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki 2. Pimeni kwa kipimajoto, maana friza ya duka la soda inayofunguliwa kila saa haifiki huko. Mkitoa, mfuko ukae saa 24 bila kufunguliwa. Ukifunguliwa mapema, mvuke unatua juu ya kitu na kuvu hufuata.

Ngoma yenye ngozi iliyowambwa isipelekwe friza, ngozi inaweza kupasuka. Itengeni na mwite fundi.

Baadaye laza karatasi nyeusi chini ya kigoda. Unga mpya ukionekana, rudieni. Na ndege au wanyama wa zamani waliojazwa pamba wasishikwe mikono mitupu: wengi walipakwa aseniki, ambayo ni sumu.

*Wavuvi wametuletea mtungi na kipande cha chuma kutoka baharini. Tumevianika, sasa vinabanduka. – Kikundi cha vijana, Kwale*

Kuanika ndiko kulikoviua. Chumvi iliyoingia ndani hugeuka fuwele maji yakikauka na kuusukuma udongo nje. Kwenye chuma, kloridi iliyomo kwenye chumvi hiyo huendelea kula hata kabatini. Rudisheni mtungi kwenye maji baridi yasiyo na chumvi na myabadilishe mara kwa mara, hadi kipimo cha chumvi kisipande tena. Chuma kikae majini kwenye ndoo ya plastiki mpaka fundi afike. Toeni taarifa Makumbusho ya Taifa, kwa kuwa vitu hivi vinalindwa na sheria. Makumbusho ya Fort Jesus, Mombasa, yana vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, jahazi la vita la Wareno lililozama Mombasa 1697 na kuchimbuliwa kuanzia 1977, kwa hiyo shida hii si ngeni kwao.

*Ninaongoza wanafunzi 80 kwa wakati mmoja. Sauti inakauka na hawasikii. – Mwongozaji, Dar es Salaam*

Wagawe makundi manne, kila moja na mwalimu wake, mabegi yabaki mlangoni. Simama pembeni ya kabati ukiwatazama wao. Anayeongea na kioo hasikiki. Vituo vitano vinatosha.

Tahadhari moja kwa fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, lililopatikana Olduvai na Mary Leakey 1959. Waongozaji wengi humwita babu yetu. Si babu: ni tawi la pembeni lililokatika, na umri wake ni kama miaka milioni 1.75. Kama kilicho kabatini siku hiyo ni nakala, sema ni nakala, kabla mwanafunzi wa nyuma hajauliza.