Maswali na Majibu: Nani Huamua Michezo ya Wenyeji wa Asili wa Kanada?

Serikali ya Kanada ina sera ya michezo ya wenyeji wa asili. Je, wenyewe huamua, au huitwa mkutanoni kusaini mahudhurio tu? (Msomaji, Morogoro)

Ndugu msomaji, kuulizwa maoni si kuamua, na mvutano wote umekaa hapo. Chombo chao cha kitaifa, Aboriginal Sport Circle, kilianza mwaka 1995 kwa niaba ya makundi matatu ya wenyeji wa asili, yaani First Nations, Inuit na Métis, na majimboni kuna vyombo wenza. Mwaka 2005 idara ya serikali kuu, Sport Canada, ilitoa sera mahususi ya ushiriki wao. Maneno yake ni mazuri, ila ililaumiwa kwa kukosa mpango wa utekelezaji. Sera isiposema nani atafanya nini, kwa fedha ipi na ifikapo lini, wahusika hubisha hodi upya kila bajeti inapoandaliwa.

Mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule za bweni zilizowatenga watoto wa wenyeji na wazazi na lugha zao, ilitoa miito 94 ya kuchukua hatua. Wa 87 hadi 91 inahusu michezo. Wa 88 unataka fedha za kuandaa mashindano ya Michezo ya Wenyeji wa Amerika Kaskazini, yaliyoanza Edmonton, Kanada, mwaka 1990, pamoja na maandalizi na nauli za timu. Wa 90 unadai fedha za kudumu kwa programu za jamii zinazoheshimu michezo ya jadi, mafunzo ya makocha na waamuzi yanayoendana na utamaduni wao, na mafunzo ya kupinga ubaguzi wa rangi.

Tazama sasa fedha. Bajeti ya 2018 ilitenga dola milioni 47.5 kwa miaka 5, kisha milioni 9.5 kila mwaka, kwa jamii zaidi ya 300. Gawanya: ni kama dola 31,000 kwa jamii kwa mwaka, kabla ya gharama za uendeshaji. Vijiji vya Nunavut, eneo la kaskazini kabisa mwa Kanada, havijaunganishwa kwa barabara, hivyo timu husafiri kwa ndege hata kwa mechi ya jirani. Sehemu moja ya fedha hupitia vyombo vya michezo vya wenyeji, nyingine huombwa na serikali zao na jamii zenyewe. Hilo ni jambo jema. Lakini ruzuku ya mradi ina tarehe ya mwisho, na ikikatika, kocha aliyefunzwa huondoka na watoto hurudi walipokuwa.

Kwa nini Haudenosaunee, wenyeji wa asili wa Kanada na Marekani, hawachezi Olimpiki kwa bendera yao? (Msomaji, Mombasa)

Lakrosi, mchezo wa mpira unaorushwa kwa fimbo zenye wavu, ni mchezo wao, na kwao ni ibada na tiba pia. Timu yao ya wanaume ilishika nafasi ya tatu duniani mwaka 2018. Kikwazo ni sheria: Mkataba wa Olimpiki hautambui kamati mpya ya taifa isipokuwa ya nchi huru inayotambuliwa kimataifa, nao ni shirikisho la mataifa 6 yaliyokatwa na mpaka wa Kanada na Marekani. Mwaka 2010 walikosa mashindano ya dunia ya lakrosi ya Manchester kwa sababu Uingereza haikukubali pasipoti zao. Waliachwa pia nje ya orodha ya World Games (mashindano ya dunia ya michezo isiyo kwenye Olimpiki) za 2022, hadi Ireland ilipojitoa kuwapisha. Desemba 2023 Biden, wakati huo Rais wa Marekani, aliunga mkono wao kushiriki Olimpiki ya Los Angeles 2028 kwa bendera yao. Kuwaambia wavae jezi ya Kanada au Marekani ni kuwataka wakane utaifa wao ili wacheze mchezo walioupa ulimwengu.

Jamii yetu ya wafugaji imealikwa kutoa maoni ya sera ya michezo ya wilaya. Tudai nini? (Msomaji, Longido)

Anzeni na Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za watu wa asili, ambalo Tanzania ililiunga mkono kwa kura (Kenya na Burundi hazikuegemea upande). Ibara ya 18 inatoa haki ya kushiriki maamuzi kupitia wawakilishi mliowachagua wenyewe. Ya 31 inataja michezo ya jadi kwa jina. Ombeni rasimu kabla ya kikao, muda wa kuisoma kwa lugha yenu, na majibu ya maandishi kwa kila pendekezo lililokataliwa. Dai la mwisho lisisahaulike: kifungu cha bajeti chenye jina la michezo yenu. Mkipewa viti bila kifungu hicho, mtakuwa mnajadili fedha zilizokwisha gawiwa.