Hata mkinuniana, jarida lisomwe

Mimi na mume wangu tunaishi Kihonda, Morogoro. Yeye anafuga kuku na kuuza vifaranga, mimi ni fundi cherehani, na kwa pamoja tunaandika jarida dogo la wafugaji wa kuku. Hutoka kila Alhamisi alfajiri kwa barua pepe na WhatsApp. Wasomaji ni 340, wanaolipa ni 61, kila mmoja shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hiyo hailishi nyumba, lakini inalipa bando na umeme, na wateja wengi wa vifaranga wametufahamu kupitia jarida.

Wanandoa wanaotaka kuanza kazi ya namna hii huniuliza watumie programu gani. Hilo ni dogo, mtajifunza kwa wiki moja. Mimi huwauliza: mkigombana Jumatano usiku, jarida la Alhamisi linakuwaje?

Nauliza kwa sababu yalinikuta. Ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa, nina rundo la sare za kumalizia. Jumatano jioni umeme ukazima. Uniti zimekwisha, na kila mmoja alidhani mwenzake kanunua LUKU. Mashine yangu ikasimama, na bandani taa za vifaranga zikazima. Mume wangu akakimbia kuwasha jiko la mkaa ili visife kwa baridi. Aliporudi tukaambiana maneno ambayo hayakuhusu umeme hata kidogo. Tukalala tumepeana migongo.

Kawaida yetu ilikuwa kwamba nikimaliza kuandika, yeye hupitia kabla halijatumwa. Usiku ule sikumpa. Saa kumi na moja alfajiri nikalituma peke yangu. Mada ilikuwa chanjo ya kideri (ugonjwa unaoua kuku kwa wingi), ile vifaranga wanayopewa siku ya 7 kwenye maji ya kunywa, nami nikaandika kwamba ichanganywe na "maji safi ya bomba".

Mfugaji anayesoma hapa ameshashtuka. Chanjo ile ni virusi hai vilivyopunguzwa makali, na klorini ya maji ya bomba inaviua. Inatakiwa maji ya mvua au ya kisima kisafi. Ukiwa huna ila ya bomba, tangulia kutia maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, ndipo utie chanjo. Ubaya wa kosa hili ni kwamba siku hiyo huoni chochote. Vifaranga vinakunywa, vinachangamka, unaamini umechanja. Kideri kikija baadaye, unazoa banda zima.

Mume wangu alilisomea bandani kwenye simu. Akaja mpaka mlangoni, ndoo ya maji bado mkononi. "Mama Zawadi, umewaambia watu maji ya bomba?" Sauti haikuwa na hasira, ilikuwa na hofu. Habari ya LUKU ikafa palepale. Ndani ya nusu saa tulituma ujumbe uliofunguka kwa neno "Tumekosea", kisha tukagawana simu: yeye wateja kumi, mimi tisa, wote waliochukua vifaranga kwetu siku za karibuni. Wawili walikuwa wameshachanja asubuhi ileile. Tukawanunulia chanjo nyingine kwa fedha yetu. Mpaka leo wote wawili ni wasomaji wetu.

Tangu hapo hakuna toleo linalotoka kabla mwenzangu hajalisoma kwa sauti, maana macho huruka neno lakini ulimi hukwama. Na hili halitegemei kama tunaongea au hatuongei. Zipo Jumatano ambazo naweka kompyuta mezani bila salamu, naye anasoma kuanzia juu mpaka chini, na hayo ndiyo maneno pekee yanayosikika nyumbani usiku ule. Tumekubaliana pia nani ana neno la mwisho. Kwenye kuku ni yeye, kwenye lugha na urefu ni mimi. Makubaliano hayo wekeni siku mna amani, kwa sababu siku ya ugomvi kila mtu anajua kila kitu.

Fedha nayo itengwe. Mifumo mingi ya kigeni ya kuuza majarida haileti malipo Tanzania, kwa hiyo tunapokea kwa lipa namba ya jarida peke yake, na kila anayelipa anaandikwa kwenye daftari. Mwanzoni yote iliingia "nyumbani", ikapotelea kwenye sukari na nauli, na sote tukaona tunajitolea tu. Sasa gharama hutoka kwanza, halafu kila mmoja anachukua 30,000 yake na haulizwi. Yangu naipeleka kwenye upatu wa mafundi wenzangu, na zamu yangu ilipofika nikanunua mashine ya ovaloki. Mchumba au mke anayefanya kazi bila kuona hata senti yake huchoka mapema, na akichoka jarida litakufa naye. Nawasihi sana, msilipuuze hili.

Namba na anwani za wasomaji ziandikeni pia kwenye karatasi, simu huibwa. Na ndugu wakisema "si mpo tu nyumbani" wanapotaka kuwatuma mjini, waambieni saa zenu za kazi kwa heshima, tena mapema.

Jumatano iliyopita mvua ilikuwa inapiga bati hata tukashindwa kusikilizana. Mume wangu akasogeza kiti karibu na changu na kuanza kusoma upya, sasa kwa kupaza sauti. Alipofika kwenye chanjo ya Gumboro, ugonjwa mwingine wa kuku, akasimama. "Siku ya ngapi umeandika hapa?" Nikamwonyesha kwa kidole: ya 14. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea.