Budha Mkubwa wa Lantau kwa siku moja: kebo, basi, na viza kwanza

Mkuu uliyeuliza kama mtu aliyeko Guangzhou kwa mzigo, aliyebakiwa na siku moja au mbili, anaweza kuvuka Hong Kong akamwone Budha Mkubwa, ile sanamu kubwa iliyo kisiwa cha Lantau, kisha arudi: anaweza. Ila kabla ya kuwaza ngazi, fungua pasipoti uangalie viza ya China. Kama ni ya kuingia mara moja, ukishavuka kwenda Hong Kong umetoka China, na viza hiyo imekwisha. Mzigo utabaki Guangzhou na wewe utabaki ng'ambo. Masharti ya kuingia Hong Kong nayo ni mengine kabisa, yaangalie kwenye tovuti ya Uhamiaji wao kwa pasipoti yako. Ukifika hawagongi muhuri, wanakupa kikaratasi kidogo. Kitunze ndani ya pasipoti.

Mwenye viza ya mara moja apange safari hii iwe siku ya mwisho, arudi nyumbani kwa ndege ya usiku kutoka Hong Kong. Uwanja wa ndege uko Chek Lap Kok, pembeni kabisa ya kisiwa cha Lantau, na Budha yuko juu ya milima ya kisiwa hichohicho. Begi kubwa liache sehemu ya kutunzia mizigo pale uwanjani (unalipia), panda basi S1 hadi Tung Chung. Ukiwa na chini ya saa saba kati ya ndege na ndege, acha tu.

Anayetoka Guangzhou apande treni ya kasi kutoka stesheni ya Kusini hadi West Kowloon, stesheni ya Hong Kong, kama saa moja. Uhamiaji wa pande zote mbili unamalizwa hapohapo West Kowloon. Tembea hadi stesheni ya Kowloon, chukua treni ya mjini, laini ya Tung Chung, mpaka mwisho. Nunua mapema kadi ya Octopus, ile ya kulipia nauli, kwa sababu kwenye basi ukilipa noti hurudishiwi chenji.

Kutoka Tung Chung kuna njia mbili za kupanda. Basi namba 23 linachukua dakika 50 hivi, na nauli ya Jumapili na sikukuu iko juu kuliko ya siku za kazi. Barabara ina kona nyingi, anayechafukwa na tumbo akae mbele. Njia ya pili ni kebo, vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya: kilomita 5.7, dakika 25, na tiketi ya kwenda na kurudi inazidi dola 250 za Hong Kong (dola moja ya Marekani ni kama 7.8 za huko). Kibanda chenye sakafu ya kioo kina bei ya juu zaidi. Kwa maoni yangu si lazima, maana madirisha ya kibanda cha kawaida yanakuonyesha bahari, ndege zikitua, na wapanda milima kwenye njia iliyo chini ya waya.

Kinachoharibu siku ya watu wengi ni hali ya hewa. Upepo mkali au radi vikija, kebo inasimamishwa. Pia ina siku za matengenezo ambazo haifanyi kazi kabisa, nazo hutangazwa kwenye tovuti yao, kwa hiyo angalia usiku wa kuamkia safari. Machi na Aprili ukungu unaweza kufunika juu kote, ukasimama chini ya sanamu ya mita 34 usione hata kidevu. Mei hadi Septemba ni joto, mvua na vimbunga. Oktoba hadi Desemba ndiyo miezi mizuri. Jumamosi na Jumapili foleni ya kebo inaweza kukula saa nzima au zaidi, nenda siku ya kazi.

Kebo siku za kazi huanza saa 4 asubuhi, na ngazi za sanamu nazo hufunguliwa saa 4, hufungwa saa 11 na nusu jioni. Ngazi ni 268, zina sehemu za kupumzikia, dakika 10 hadi 15 zinatosha. Kupanda ni bure. Sanamu ni ya bronzi, imeungwa kwa vipande 202, ina uzito wa zaidi ya tani 250, na ilizinduliwa Desemba 1993. Mkono wa kulia ulioinuliwa ni wa kuondoa hofu, wa kushoto ulio pajani ni wa kutoa. Alama ya msalaba wenye pembe kifuani isikushtue. Ni alama ya heri ya Kibudha, ya zamani kuliko Hitler kwa karne nyingi.

Wapiga picha, hapa ndipo wengi wanakosea. Budha huyu anaangalia kaskazini. Ngazi zinakupandisha ukielekea kusini, na jua la mchana, hasa miezi ya Novemba hadi Januari, linakuwa nyuma ya kichwa chake. Picha ya saa 6 mchana inatoa uso mweusi na anga jeupe. Piga asubuhi au baada ya saa 9 alasiri, jua likiwa pembeni.

Katikati ya mchana nenda monasteri ya Po Lin, iliyoanzishwa 1906 na watawa watatu. Udi wa vijiti huwashwa uani, na vijiti vitatu vinatosha. Penye kibao cha kukataza picha, weka simu mfukoni. Chakula hakina nyama wala samaki: supu, tofu, uyoga, mboga, wali. Tiketi ya chakula inanunuliwa kabla ya kukaa. Nyama usiingize humo. Ng'ombe wanaozurura uwanjani usiwalishe, wakizoea watafuata mfuko wako wa plastiki.

Mwenye nguvu aendelee dakika 15 hadi Njia ya Hekima: nguzo 38 za mbao zilizochongwa Sutra ya Moyo, andiko maarufu la Kibudha, na ile iliyo juu kuliko zote haina maandishi, kuonyesha utupu. Wengi hawafiki huko, na kimya chake ndicho kizuri.

Kurudi, usinunue kebo ya pande mbili. Panda kwa kebo, kisha chukua basi 21 hadi Tai O, kijiji cha wavuvi chenye nyumba juu ya nguzo majini, halafu basi 11 hadi Tung Chung. Basi 21 ni la nadra, piga picha ratiba yake ukifika tu. Likikupita, rudi na 23. Usitegemee teksi nyekundu za mjini, haziruhusiwi barabara za kusini mwa Lantau. Za huko ni za bluu, na jioni ni chache.