Maksai wa maonyesho: mpimie kwa uzito wake, si kwa ndoo

Mkuu, umeuliza maksai wako (dume aliyehasiwa), chotara wa ng'ombe wa Boran, mwenye mwaka mmoja, umpe ndoo ngapi za pumba ili afike maonyesho ya Nane Nane pale Nzuguni, Dodoma, akiwa amejaa. Achana na ndoo. Ndoo ya pumba na ndoo ya mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta) hazina uzito mmoja, na mnyama mwenyewe kila wiki anabadilika.

Kama huna mizani, chukua utepe wa fundi cherehani. Zungusha kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kuanzia ncha ya bega hadi mfupa wa tako. Mzunguko zidisha kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawa kwa 10,840. Sentimita 140 kwa 112 ni kilo 200 na kidogo.

Huyo wa kilo 200 anataka kama kilo 5 hadi 6 za chakula kikavu kwa siku. Pumba na mashudu anza na kilo 2 tu, nusu asubuhi nusu jioni, kinachobaki kiwe hei, yaani nyasi zilizokatwa na kukaushwa. Panda nusu kilo kila baada ya siku 4 au 5 hadi kilo 3, halafu pima upya kila wiki mbili.

Mimi nachanganya pumba za mahindi kilo 70, mashudu ya alizeti 27, chokaa ya mifugo 2, chumvi 1. Chokaa usiiruke kabisa! Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu, na maksai njia yake ya mkojo ni nyembamba, vijiwe hukwama humo. Ukimwona anajikamua na mkojo unatoka matone, ita daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.

Kupandisha haraka ndiko kunakoua. Kila asubuhi tazama mavi kabla hujajaza hori. Yakiwa ya kijivu, laini, yana povu na harufu ya uchachu, tumbo limeshachachuka: punguza pumba, ongeza hei. Akibakiza chakula horini, usiongeze siku hiyo.

Hei ikate mapema, nyasi zikianza kutoa maua. Ukisubiri Julai utakuwa unamlisha vijiti.

Siku ya kusafiri beba hei yake, pumba zake na ndoo yake ya maji. Ugenini wengi hugoma kunywa, na ubavu ukiingia ndani jaji anauona mara moja.