Umefunga dirisha la JFrame, programu bado inaendelea

Hiyo si hitilafu. Ukibofya X, JFrame (dirisha la programu ya Java) kwa kawaida hufuata HIDE_ON_CLOSE: dirisha linafichwa tu, halibomolewi, ndiyo maana programu bado unaiona kwenye orodha ya kazi za kompyuta. Nyaraka za Swing, maktaba ya Java yenye JFrame, zenyewe zinasema hivyo.

Kama dirisha ni moja na hakuna cha kuhifadhi, ipe setDefaultCloseOperation thamani ya EXIT_ON_CLOSE, basi. Ila usiibandike kwenye kila dirisha: mtumiaji akifunga dirisha dogo la mipangilio, programu nzima inazimika na kazi yake inapotea. Madirisha ya ziada yape DISPOSE_ON_CLOSE, inayobomoa dirisha hilo tu.

Ukitaka kuuliza "Uhifadhi kwanza?", weka DO_NOTHING_ON_CLOSE, kisha ongeza WindowAdapter (darasa la kusikiliza matukio ya dirisha) na uandike swali ndani ya windowClosing, inayoitwa mtu anapobofya X. Mtumiaji akikubali kufunga, ita dispose() ili dirisha libomolewe; akighairi, usifanye kitu. Wengi huandika swali vizuri lakini wanasahau hiyo DO_NOTHING_ON_CLOSE, basi mtu anabofya "Ghairi" na dirisha linatoweka vilevile. Swali lisikae kwenye windowClosed, maana hiyo huitwa dirisha likiwa limeshabomolewa.

Angalizo: dispose() haitazima programu ikiwa kuna uzi (thread) wako mwingine bado unafanya kazi. Usimamishe kwanza, au uuitie setDaemon(true) kabla ya start() ili usiizuie programu kuzimika.