Bibi wa mtoto amejitokeza, tutampoteza?

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miaka 38, naishi Nkuhungu hapa Dodoma na mume wangu. Yeye ni fundi wa kuchomelea, mimi nauza mchele na maharage soko la Majengo. Hatukujaliwa kuzaa. Miaka mitatu iliyopita Ustawi wa Jamii walitupa mtoto wa kike wa miezi kumi kwa malezi ya kambo, yaani tumlee kwa muda, kutoka makao ya watoto. Mama yake alifariki akijifungua, baba hajulikani, na bibi mzaa mama hakuwa na uwezo. Sasa anakaribia miaka minne, na halali mpaka ashike sikio langu. Tulikuwa tumeanza kuulizia habari za kumuasili, awe mtoto wetu kisheria. Mwezi uliopita bibi huyo akaja kutoka kijijini kwao, wilaya ya Chamwino, akiwa na mjomba wa mtoto. Bibi alilia tu. Mjomba akasema mtoto ni wa ukoo wao, tukimtaka tutoe laki nane za kifuta jasho. Kaka yangu anasema tulipe, tuandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa, yaishe. Wenzangu wa kwaya wanasema tuhamie Mwanza kimya kimya. Sipati usingizi.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usilipe hata shilingi, na usihame. Shika hayo mawili kwanza, mengine tutayazungumza taratibu.

Karatasi ya kwa mwenyekiti wa mtaa haiwezi kumfanya mtoto awe wenu. Kuasili ni amri ya mahakama, na kwa kuwa ninyi si ndugu wa mtoto, mahakama yenyewe ni Mahakama Kuu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka jaji aridhike kwamba hakuna aliyelipwa wala kuahidiwa malipo kwa ajili ya mtoto. Hizo laki nane hazitanunua amani. Zitakuwa ushahidi dhidi yenu, na mjomba akizila leo atarudi msimu wa kilimo kuomba za mbegu. Na kuhama je? Mtoto wa malezi ya kambo yuko chini ya uangalizi wa Ustawi wa Jamii. Mkiondoka naye bila wao kujua mtaonekana mmemtorosha, na miaka yote mitatu ya malezi mazuri itasomwa kwa jicho hilo.

Umeniuliza kama mtampoteza. Siwezi kukuahidi kwamba haiwezekani, kwa sababu malezi ya kambo tangu mwanzo ni ya muda, na afisa ana wajibu wa kuangalia kama ndugu wa damu sasa wanaweza kumlea. Lakini jaji hapimi nani ana haki zaidi kati yenu na ukoo. Anapima maslahi ya mtoto. Mtoto aliyekaa kwenu tangu ana miezi kumi, anayejua sauti ya mlango wenu na harufu ya jiko lenu, hang'olewi hivi hivi. Hilo lina uzito mkubwa, nimeliona kazini kwa miaka mingi kabla sijastaafu.

Sasa nikueleze kuhusu yule bibi, maana naona barua yako yote inamtazama mjomba. Mjomba alidai hela, bibi akalia. Ni watu wawili wenye mambo mawili. Alizika binti yake, kisha akampeleka mjukuu makao kwa sababu hakuwa na maziwa ya kumpa. Katika kazi yangu nimekutana na mabibi wengi wa aina hiyo, wa Bahi, wa Kongwa, wa Mpwapwa, na mara chache sana walitaka kumnyang'anya mtu mtoto. Walichoogopa ni mtoto kupotea: akue bila kujua ni wa ukoo gani, mwiko wa ukoo wake ni upi, na siku moja aolewe na ndugu yake bila kujua. Kwa Wagogo hilo si jambo dogo, na hata asiye Mgogo akitulia ataona lina maana.

Kwa hiyo nendeni kwake. Mwombeni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri apange safari hiyo na aende nanyi, ili pasiwe na neno la kusema mlikwenda kumrubuni. Nendeni na mtoto. Bebeni sukari na sabuni, huo ni ugeni wa kawaida na afisa atakuwa anaona. Mwulize bibi jina la marehemu binti yake, alisoma wapi, alipenda kuimba au alikuwa mkimya, kaburi lake liko wapi. Andika kwenye daftari mbele yake. Mwambie waziwazi kwamba mnataka kumuasili, na kwamba mlango wenu uko wazi kwake. Amri ikitoka, kisheria ninyi ndio mtakuwa wazazi, na haki na wajibu wa wazazi utahamia kwenu. Lakini hakuna sheria inayowakataza kumpeleka mtoto kumsalimia bibi yake baada ya mavuno. Mahakama inaweza kutaka kusikia kauli ya ndugu kama huyu, na bibi anayesema "nimewaona, nimeridhika" atawasaidia kuliko wakili yeyote.

Taratibu zenyewe si ngumu kama watu wanavyotishana. Mwandikieni Kamishna wa Ustawi wa Jamii kupitia afisa wa halmashauri, mkieleza nia yenu. Hata kama mtoto yuko kwenu muda mrefu, taarifa hiyo inatakiwa itangulie amri kwa miezi 3 au zaidi. Mmoja wenu awe na miaka 25 au zaidi na amzidi mtoto kwa miaka 21, na hapo mmepita. Watakuja tena kuwachunguza nyumbani, hata kama walishawachunguza wakati wa malezi ya kambo. Msikasirike. Mahakama itateua mtu wa kusimama kwa niaba ya mtoto, mara nyingi afisa ustawi. Amri ikitoka inapelekwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, mtoto anaingizwa kwenye rejesta ya watoto walioasiliwa. Kuanzia hapo hata mirathi yenu ni yake kama mtoto mliyemzaa, jambo ambalo malezi ya kambo hayampi.

Neno moja zaidi, nalo ni zito kwangu. Mwambie mtoto ukweli sasa, akiwa na miaka hiyohiyo minne. "Ulizaliwa na mama mwingine, akafariki, una bibi yako Chamwino, na sisi ni baba na mama yako." Hatashtuka. Wanaoumia ni wale wanaosikia kwa mtoto wa jirani wakigombania mpira wakiwa darasa la tano, halafu wanarudi nyumbani hawamwamini mtu.

SWALI: Habari Mama, niko Manyoni. Mpangaji wangu aliniachia mtoto wa miezi sita akisema anakwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Mwaka umepita, simu haipatikani. Nampenda, nataka awe wangu. Karatasi sina hata moja.

JIBU: Mwanangu, umefanya jema, lakini kwa sasa sheria haikutambui. Wiki hii hii nenda ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, kisha kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na polisi pia, ili mama atafutwe. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto na ujumbe wowote wa simu aliokutumia. Inawezekana wakamwacha mtoto kwako wakati wanatafuta, lakini uamuzi ni wao. Asipopatikana, mahakama inaweza kuendelea bila ridhaa yake, ila jaji atataka kuona kwamba alitafutwa kweli. Na mtu akikushauri umwandikishe cheti cha kuzaliwa kana kwamba umemzaa wewe, kataa. Kutoa taarifa za uongo kwa msajili ni kosa, na likigundulika mtoto huyo anaweza kuondolewa mikononi mwako.