Gari la wagonjwa lipo, mafuta hamna: tumdai nani?

SWALI: Shikamoo anti. Mi niko Kigoma huku mwambao wa ziwa, mdogo wangu alishikwa na uchungu usiku, kufika zahanati tukaambiwa tukanunue glavu na pamba, gari la wagonjwa lipo ila eti halina mafuta, tukakodi boti ya mtu hadi mjini, kufika mtoto ashafia tumboni. Hivi serikali inashtakika kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Inashtakika. Sera ya afya ya 2007 inasema mjamzito ahudumiwe bure vituo vya serikali, kwahiyo hizo glavu tu tayari ni hoja. Andikeni barua kwa mganga mkuu wa wilaya, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri, wekeni tarehe, saa, mlichonunua na nauli ya boti. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo inapokea malalamiko. Ila mahakamani kudai fidia mnaanza na notisi ya siku 90, yaani barua ya kuijulisha serikali kwamba mtaishtaki, hapo tafuteni msaada wa kisheria. Uganda 2020 Mahakama ya Katiba ilisema serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja katiba, lakini kesi ilifunguliwa 2011, so jipangeni. Na nesi wa zamu msimrukie, mafuta hanunui yeye. Kadi ya kliniki mnayo nyumbani au mliiacha hospitali?